Taja Jambo kwa Jina Lake

Bartimayo alikuwa kipofu, na hakuna aliyepita njia ya Yeriko asiyelijua hilo. Alikaa kando ya barabara akiomba sadaka. Siku Yesu alipopita, alipaza sauti hadi watu wakamkemea anyamaze, naye akazidi kuita. Alipofikishwa mbele, Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Umati mzima ulilijua jibu, lakini Yesu alitaka kulisikia kwa mwenye shida. Bartimayo hakutoa utangulizi. Alisema anataka kuona. Habari hii imo katika Marko sura ya 10, na mtu anayetaka kujifunza kuomba kila siku, kwa maneno yake na katika hali yake, aanzie hapo.

Katika jumuiya zetu, kiongozi akisema mama fulani atufungie kwa sala, mara nyingi mama huyo hutazama chini na kumsukumia aliyekaa karibu naye. Anasema hajui kuomba. Baadaye, akiwa jikoni na jirani yake, anaeleza kila kitu kwa mpangilio na kwa uchungu wa kweli: marejesho ya kikundi ni Ijumaa, mume ana miezi hana kazi, binti wa kidato cha pili ameanza kuchelewa kurudi, na ile kausha damu, mkopo wa riba kubwa, aliyokopa ili kuziba mkopo wa kwanza imemfanya aogope hata simu yake ikiita. Mama huyu anajua kuomba kabisa. Sala yake imekwisha kutungwa, tena vizuri. Kilichobaki ni kumwambia Mungu maneno yale yale aliyomwambia jirani, kwa sauti ile ile, bila kuyavalisha nguo za Jumapili.

Basi kesho asubuhi jaribu hivi. Usianze kusema. Keti ukingoni mwa kitanda, au simama pale unapochota maji, ujiulize swali aliloulizwa Bartimayo: leo nataka nini kwa Mungu? Jibu likija, liseme lilivyo. Tumezoea kuomba baraka, amani, neema na ulinzi. Ni maneno mema yote, lakini yakirudiwa kila siku bila kitu ndani yanakuwa bahasha tupu zenye anwani sahihi. Badala ya kuomba ubarikiwe kazini, sema: "Bwana, leo nakutana na msimamizi aliyenifokea jana mbele ya wateja. Naogopa. Nisaidie nisimjibu kwa hasira." Badala ya kuwaombea watoto kwa jumla, mtaje mtoto mmoja, litaje somo lililomshinda, mtaje rafiki anayekutia wasiwasi. Kama ni deni, taja kiasi na siku ya kulipa.

Mungu haarifiwi kitu kwa njia hiyo. Yesu alifundisha kwamba Baba anajua mahitaji yetu hata kabla hatujaomba. Lakini jambo likitajwa kwa jina, wewe unaacha kulizunguka, na mara nyingi unagundua kuwa ulikuwa unaomba la pembeni. Mtu anaanza kwa kuomba fedha. Akilitaja deni lenyewe, anaona kwamba kinachomnyima usingizi ni mumewe kutojua habari za deni hilo. Hapo sala inageuka. Sasa anaomba ujasiri wa kusema nyumbani, na pengine hilo ndilo alilolihitaji tangu mwanzo. Usikimbie sala inapokupeleka huko. Tulia, ombea hilo jipya, kisha sema Amina.

Ufupi si upungufu wa imani

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tumelelewa kwenye mikesha, na mkesha una heshima yake: Luka 6 inasema Yesu alikesha mlimani usiku kucha kabla ya kuwachagua mitume kumi na wawili. Muda mrefu na Mungu ni jambo jema. Kinachochosha ni maneno ya kujazia, yale ya "Baba, Baba, asante Baba, tunakwenda mbele zako Baba," yanayosemwa kwa sababu ukimya unatutisha, au kwa sababu tunahofu kwamba tukimaliza upesi Mungu hatatuona tuna bidii.

Onyo la Yesu juu ya maneno mengi limo katika Mathayo 6, na mara baada yake anafundisha Baba Yetu, sala inayosemwa kwa utulivu chini ya dakika moja. Juu ya mlima Karmeli manabii wa Baali waliita tangu asubuhi hadi adhuhuri na kuendelea, wakarukaruka, wakajikata kwa visu. Sala ya Eliya, katika 1 Wafalme 18, imeenea katika mistari miwili. Mtoza ushuru wa Luka 18 aliomba sentensi moja akiwa amesimama mbali, akarudi nyumbani akiwa na haki mbele za Mungu. Petro alipoanza kuzama hakuwa na nafasi ya kusema zaidi ya kuomba aokolewe, na mkono ukamfikia.

Kuna barua ya zamani ninayoipenda sana kuhusu jambo hili. Mji wa Roma ulipovamiwa na Wagothi mwaka 410, mjane mmoja wa ukoo mkubwa, Proba, alikimbilia Afrika Kaskazini na jamaa zake. Akiwa huko alimwuliza Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, namna ya kuomba. Augustino alimjibu mnamo mwaka 412. Alimsimulia habari za watawa wa Misri waliokuwa wakiomba mara nyingi kwa sala fupi sana, ili moyo usichoke kabla ya midomo. Alimtenganishia pia mambo mawili tunayoyachanganya hadi leo: kuomba kwingi na kusema kwingi. Mtu anaweza kukaa mbele za Mungu muda mrefu akiwa amesema machache, moyo wake ukiendelea kutamani. Aliyeandikiwa hayo alikuwa mkimbizi aliyepoteza mji wake na bado alikuwa na nyumba ya kuiangalia, kwa hiyo ushauri huu hauwahusu watawa peke yao.

Ukitaka kuufuata, chagua vituo katika siku yako ambavyo tayari vipo: unapofungua kibanda, unapowasha jiko, unapokaa kwenye daladala, unapoingiza ufunguo mlangoni jioni. Katika kila kituo sema sentensi moja ya kweli. Dereva wa bodaboda anaweza kuisema kabla ya kuvaa kofia yake, na muuguzi anaponawa mikono kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. "Bwana, huyu anayefuata ana maumivu na mimi nimechoka, nipe upole." Wala usijilaumu ukisahau kituo. Kingine kinakuja.

Lakini sala fupi haziishi vizuri peke yake. Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta, aliulizwa na mfalme anaomba nini, na kitabu chake kinasema alimwomba Mungu wa mbinguni ndipo akajibu. Sala hiyo ilipita katikati ya swali na jibu, mfalme asijue. Turudi nyuma sura moja: Nehemia alikuwa amefunga, amelia na kuomba tangu mwezi wa Kisleu, na mazungumzo haya na mfalme yalikuwa mwezi wa Nisani, miezi minne hivi baadaye. Alijua njia ya kumfikia Mungu kwa haraka kwa sababu alikuwa ameipita mara nyingi polepole. Kwa hiyo tenga pia wakati mmoja usio na haraka, hata kama ni dakika kumi kabla watoto hawajaamka, simu ikiwa chumba kingine.

Hasira nayo iletwe

Wakristo wengi hujikunjua uso kabla ya kuomba. Tumekasirika, tunaona wivu, tumekata tamaa. Tukifumba macho tunageuka watu wapole wenye shukrani. Siamini kwamba Mungu anafurahishwa na mgeuko huo. Zaburi hazikuandikwa hivyo. Ile ya 13 inamwuliza Mungu mara nne hadi lini, na ndipo mwishoni inafika kwenye kuimba. Ile ya 88 haifiki huko kabisa. Inaanza na kilio na inaishia gizani, na waliokusanya maandiko hawakuiongezea mstari wa kuipoza. Imo ndani ya Biblia kwa ajili ya siku ambayo mtu hana cha kuimba.

Hana naye alikwenda hekaluni Shilo akiwa na uchungu wa miaka na maneno ya mke mwenza masikioni. Aliomba midomo ikitikisika bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa na kumkemea. Hana alimjibu kwa heshima kwamba anaimimina nafsi yake mbele za Bwana. Alitaja alichokitaka bila kuzunguka: mtoto wa kiume. Nawafikiria hapa wanawake wengi wanaoombewa "wapate haja ya mioyo yao" kwa sababu wanaona aibu kutaja kwamba wanataka mtoto. Mbele za Mungu, taja.

Kama una hasira na Mungu mwenyewe, mwambie. "Bwana, nilikuomba kwa ajili ya mama, na tumemzika Jumamosi. Sielewi. Leo sina wimbo." Hiyo ni sala kamili. Usiharakishe kuongeza kwamba mapenzi yake yatimizwe kama bado hujafika hapo. Kule Gethsemane Yesu alianza kwa kusema alichokitaka, kikombe kiondoke, ndipo akayakubali mapenzi ya Baba, na Mathayo anasema aliomba mara tatu kwa maneno yale yale. Kwa hiyo kurudia nako si kosa. Mtu anarudia kwa sababu jambo bado linauma.

Toba nayo inahitaji kutajwa hivyo hivyo. Ni rahisi kuomba msamaha wa dhambi tunazozijua na tusizozijua, na kuondoka bila kuitazama hata moja. Jaribu kusema: "Jana nilimdanganya mteja kuhusu bei, na nilijua." Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea miaka ya 1930 kutoka Gahini nchini Rwanda hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya unyofu huo. Watu walisimama wakataja walichofanya, wakarudisha walichoiba, wakaomba radhi kwa wenzao. Ningeongeza tahadhari moja kwa anayetaka kuufuata mfano huo leo: kwa Mungu sema yote, lakini mbele ya watu sema yako tu. Kosa likimhusu mtu mwingine, siri yake si yako kuitoa katika ushuhuda.

Kuna nyakati sala yenyewe inabidi isubiri. Mathayo 5 inamwambia anayeleta sadaka na kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aende kwanza wakapatane. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unawaonya waume waishi na wake zao kwa heshima ili maombi yao yasizuiliwe. Basi ukipiga magoti na uso wa mtu ukakujia, usiufukuze kama kishawishi. Simama, piga simu au vuka barabara, halafu urudi. Kadhalika ukimwombea jirani apate unga na debe lako limejaa, Yakobo ameshaeleza katika sura ya 2 imani ya namna hiyo inafaa nini. Pima unga, upeleke.

Sala za kitabu, na lugha ya nyumbani

Wapo wanaodhani mtu mnyofu lazima abuni maneno mapya kila asubuhi. Hapana. Aliyechoka, mgonjwa, au mfiwa anahitaji maneno yaliyokwisha kuandaliwa, na Baba Yetu, zaburi, rozari au kitabu cha sala vitambeba. Hatari ni kuyapita maneno hayo mawazo yakiwa sokoni.

Mwaka 1535 Martin Luther aliandika kijitabu kwa ajili ya Peter, kinyozi wake wa mjini Wittenberg, aliyemwuliza namna ya kuomba. Alimwonya juu ya lile wazo la "ngoja kwanza nimalize hili," kwa sababu shughuli huzaa shughuli na siku inapita bila sala. Alimkumbusha na ufundi wake mwenyewe: kinyozi anayepiga soga huku macho yakitangatanga, wembe ukiwa mkononi, anaweza kumkata mtu pua, mdomo au hata koo. Kisha alimwonyesha namna ya kuichukua Baba Yetu kipande kwa kipande, na katika Amri Kumi kuuliza kila amri inamfundisha nini, anashukuru nini hapo, anatubu nini na anaomba nini. Na moyo ukishikwa na kipande kimoja, aliandika, vingine viachwe, asikilize.

Unaweza kufanya hivyo na ombi moja la Baba Yetu kila asubuhi. Ukifika kwenye mkate wa kila siku, simama hapo. Sema ndani kumebaki nini, shukuru kwa kilichopikwa jana, mfikirie jirani asiyewasha moto. Ukifika kwenye msamaha, weka jina la mtu mbele za Mungu. Kama huwezi kumsamehe bado, sema huwezi bado, na umwombe Mungu akufikishe.

Kuhusu lugha: omba kwa ile unayoitumia ukiwa na maumivu. Aliyelelewa katika Kihaya, Kisukuma, Kikamba au Kinyakyusa na kuombea kanisani kwa Kiswahili cha Biblia anaweza kuona sala yake inafunguka siku anapomwambia Mungu neno kwa lugha ya mama yake. Marehemu John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya na kasisi wa Kianglikana, alikusanya mamia ya sala za Waafrika katika kitabu kilichotoka mwaka 1975. Nyingi zinaomba mambo ya kushikika: mvua, afya, watoto, mifugo, safari njema. Wazee wetu hawakuona haya kumtajia Mungu ng'ombe.

Mawazo yakikimbia katikati ya sala, yafuate uone yamekwenda wapi. Yakiwa yamekwenda kwenye kodi ya nyumba, ombea kodi ya nyumba.

Mkiwa wengi

Watoto hujifunza kuomba kwa kutusikiliza. Baba akihubiri kwa robo saa wakati wa sala ya jioni, akiwasema watoto kupitia kwa Mungu ("Bwana, wasaidie hawa wanaokataa kuosha vyombo"), wanajifunza kwamba sala ni mahali pa kusemwa. Uliza badala yake: leo kila mmoja anataka kumwambia Mungu nini? Mdogo akimshukuru Mungu kwa chapati, itikieni Amina bila kucheka wala kumsahihisha. Mkubwa akisema hana cha kusema, mwacheni. Mzazi naye ataje lake, dogo na la kweli. Mtoto anayemsikia baba yake akimwambia Mungu kwamba anaogopa kupoteza kazi atakumbuka siku nyingi kwamba hofu inaweza kupelekwa mahali.

Ukiombwa uongoze sala kwenye jumuiya, kikao au msiba, uliza kwanza watu wamekuja na nini, ulitaje hilo, umalize. Matangazo yasemwe kabla ya sala, na mahubiri yaachiwe mhubiri. Sauti yako ya kila siku inatosha. Na muwe waangalifu sana na "mahitaji ya maombi." Mara nyingi tumesikia mtu akiombewa kwa undani unaoweka ndoa yake yote mezani, kumbe hakuomba kuombewa. Mtajeni kwa jina tu kama hakuruhusu zaidi, au mwombeeni kila mmoja nyumbani kwake.

Wodini unyofu unahitajika kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mgonjwa hana nguvu za kuvumilia maneno yetu. Usianze kuomba ukiwa umesimama juu yake. Keti karibu na macho yake. Muulize, "Mama, tukuombee nini?" na usikilize mpaka amalize. Jibu linaweza kukushangaza. Unamdhania anataka kupona, naye anataka mwanawe wa Dodoma aje, au apate usingizi usiku wa leo, au maumivu ya mgongo yapungue mpaka asubuhi. Ombea hilo hilo alilosema, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sentensi mbili au tatu. Usimwahidi kwa niaba ya Mungu jambo ambalo hukupewa kuliahidi. Baada ya Amina usiinuke mara moja. Muulize kama kuna mtu wa kupigiwa simu, na kama ni yule mwana wa Dodoma, mpigie hapo hapo na umsogezee mama simu sikioni.